Oili inavuja upande wa belti: ni sili au ni kava?

SWALI: Fundi, naendesha Probox ya injini ya 1NZ, ruti ya Kisumu hadi Busia. Kila asubuhi nakuta doa la oili chini, upande wa fani belti. Makanika mmoja hapa Kondele ananiambia injini lazima ishuke, kava ya taiming na sili ya krenki zibadilishwe zote. Ni lazima kweli?

JIBU: Ndugu yangu, usikubali injini ishushwe kabla hujajua oili inaanzia wapi. Oili huteremka, na mwendo wa kutoka Maseno hadi Ugunja unatosha upepo kuisambaza kila mahali. Injini ikiwa baridi, osha upande huo wote kwa dizeli, ukaushe, kisha uache injini ingurume kama dakika kumi. Izime, mulika tochi kuanzia juu. Unyevu ukianzia kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, shida ni gasketi tu. Ukiona oili imerushwa kwa mduara nyuma ya puli ya krenki, hiyo ni sili ya krenki, ule mpira unaozuia oili pale krenki inapotokea nje. Ikichuruzika kwenye maungio ya kava ya taiming, kile kifuniko cha cheni upande wa belti, silikoni imeachia au kava ina ufa.

Sili peke yake haidai kava ifunguliwe. Hutolewa gurudumu la mbele la kulia, belti, bolti ya puli, halafu puli yenyewe. Sili ya zamani ichokolewe taratibu, maana bisibisi ikikwaruza ukuta inapokaa, oili itapata njia hapo. Mpya ipakwe grisi mdomoni, igongwe kwa bomba la ukubwa wake hadi ilingane na uso wa kava. Bolti ya puli ni ya toku renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, niutoni mita 128, si ya kukadiria kwa mkono.

Kabla puli haijarudi, pitisha ukucha kwenye shingo yake, pale mdomo wa sili unaposugua. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, hata sili ya bei ghali itavuja. Tafuta puli nyingine. Naona magari mengi yaliyobadilishwa sili tena na tena, na hakuna aliyeigusa hiyo shingo.

Ikibidi kava itoke, bado injini haishuki. Inainuliwa kidogo kwa jeki yenye ubao chini ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, na mauntini ya kulia inayoishikilia injini inafunguliwa. Kumbuka pampu ya oili imo ndani ya kava hiyo, kwa hiyo ukinunua kava kuukuu umenunua na pampu ya mtu, ifungue uikague. Ukishafika hapo, sili na o-ringi ziwe mpya bila mjadala. Nyuso zote mbili zisafishwe hadi zing'ae bila kukwaruzwa, silikoni ipakwe uzi mwembamba, kava ikae mahali pake ndani ya dakika 3. Silikoni ikizidi hukatikia ndani, ikaziba chujio la sampu, na injini ikakosa oili. Usitie oili mpaka zipite saa 2 au zaidi.

Jambo la mwisho, mwombe makanika akague valvu ya PCV, inayotoa mvuke na presha ndani ya injini, pale juu ya tapeti kava. Ikiziba, presha ya ndani husukuma oili ipite kwenye sili, hata iwe mpya. Aitoe aisafishe, aipulize: kutoka upande wa injini hewa ipite kwa urahisi, kutoka upande wa pili ipite kwa shida. Ikiwa tofauti na hivyo, nunua nyingine kabla hujagusa kitu kingine chochote.