Guilin sikukuu ya Oktoba

Mdogo wangu, umeuliza kama watu sita mtaweza kutoka Guangzhou kwenda Guilin wiki ya sikukuu ya China, tarehe 1 hadi 7 Oktoba. Mtaweza, ila tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla na za wiki hiyo huisha kama maandazi ya asubuhi. Kusanya namba za pasipoti za wote mapema, maana ndizo za kukatia tiketi. Sisi mwenzetu mmoja alichelewa kutuma yake. Tukaenda na treni ya kasi, yeye akaja usiku na ya kawaida, kasimama njia nzima, kakumbatia begi. Mpaka leo anatununia.

Mkifika msigande mjini, nendeni miji midogo ya jirani, Yangshuo, kisha Xingping. Chukueni noti ya yuan 20, igeuzeni nyuma: milima ile na mto Li ndiyo mtakayoiona mbele yenu. Vyumba pigeni simu kwanza, maana nyumba nyingine ndogo za wageni hazipokei watu wa nje ya China. Na asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuagiza tambi, au mtafute wauza tambi za Lanzhou, wale kwa kawaida ni Waislamu.