Usingoje mwaka wa mwisho kupanda ngazi za ofisi ya ajira

Nilipofika Ohio, Marekani, kusoma uhandisi, kila kitu cha chuo nilikiulizia isipokuwa ofisi ya ajira, ile inayowaandaa wanafunzi kutafuta kazi. Ilikuwa juu ya bwalo, nikipita chini yake kila siku na sinia langu la chakula. Kichwani mwangu kazi ilikuwa ya kutafuta ukishapata cheti, kama nyumbani: bahasha mkononi, ofisi hadi ofisi.

Ngazi zake nilizipanda nikiwa mwaka wa tatu. Mama aliyenipokea aliangalia sivii yangu ya kurasa tatu, akachukua kalamu nyekundu. Tarehe ya kuzaliwa, akakata. Hali ya ndoa, dini, shule ya msingi, akakata. Waajiri wa Marekani hawataki kuyaona hayo, wala picha, wasije wakashtakiwa kwa ubaguzi. Ikabaki nusu ukurasa.

Usaili wa mazoezi ndio ulioniumbua. Kila jibu langu lilikuwa "tulitengeneza", "tulipima". Akanikatiza: "Wenzako hawajaomba kazi hii. Wewe ulifanya nini?" Jamani, sisi tumelelewa kwamba anayejisifu hana haya! Ilinichukua vikao vinne kusema "nilikokotoa uzito" bila kuinamisha macho.

Halafu kuna viza, na hapo ndipo mgeni anapoumia. Ukimaliza shahada, OPT, kibali cha kazi cha mwenye viza ya mwanafunzi, inakupa miezi 12 ya kazi ya fani yako. Wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanaweza kuongezewa 24. Maombi hufunguliwa siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza masomo, hufungwa siku 60 baada yake. Na ndani ya miezi ile 12, siku za kukaa bila kazi zisizidi 90 kwa jumla. Siku 90, mjini ambako hakuna mwajiri hata mmoja anayekujua!

Kwa hiyo nenda muhula wa kwanza, hata bila sivii. Ulizia fildi ya kiangazi mapema, kwa sababu CPT, kibali cha kufanya kazi ya fani yako ukiwa bado unasoma, kwa kawaida inakutaka uwe umemaliza mwaka mzima wa masomo. Pia uliza kampuni zipi kati ya zinazokuja kwenye maonesho ya ajira huchukua wanafunzi wa kigeni. Mimi nilipanga foleni dakika arobaini, suti ya kuazima, kufika mbele nikaulizwa kama ni raia. Walikuwa wanatengeneza vipuri vya ndege za kivita. Orodha ya kampuni za kukwepa ilikuwa imebandikwa pale ofisini, juu ya bwalo.