Njia salama ya watoto kwenda shule, Busia

Dada, umeuliza uanzie wapi ili watoto wa Busia, upande wa Uganda, waende shule kwa miguu na baiskeli bila kubanwa na malori ya mpakani. Anza kwa kutembea nao. Asubuhi tatu, saa moja kabla ya kengele, fuatana nao ukiwa na daftari, uchore njia yao: wanavukia wapi, mtaro uko wazi wapi, ni wapi bodaboda zimeegeshwa pembeni na kuwasukuma watoto barabarani. Waulize wenyewe, maana wao huona hatari tusizoziona sisi wakubwa.

Kisha mpelekee mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) mchoro huo, mwende pamoja manispaa. Barabara kuu iko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa hiyo barua iende huko pia. Itaje Sera ya Usafiri Usiotumia Injini ya mwaka 2012. Serikali yenyewe iliipitisha.

Msikubali njia ya watoto itengwe kwa mstari wa rangi tu. Rangi haimzuii dereva. Ombeni ukingo wa zege au nguzo fupi, na kivuko kilichoinuliwa kama tuta mbele ya lango la shule. Mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, kama Azimio la Stockholm la 2020, la kimataifa kuhusu usalama barabarani, linavyotaka panapochanganyika watu na magari.

Wahusisheni vijana wa bodaboda tangu mwanzo. Kazi yao ilizaliwa hapo hapo mpakani, kwa baiskeli, na watoto wengi wanaovuka ni wa kwao.

Wakati mnasubiri, watoto watembee upande wa kulia, wakiyatazama magari yanayokuja.