Ukienda Rabai, anzia Nyali

Wengi wakisikia Rabai kuna kanisa la kale hupanda kilima, hupiga picha mbili tatu, halafu hurudi Mombasa wakilalamika kwamba hakuna cha kuona. Siwalaumu. Jengo lenyewe ni dogo, na ukilipitia haraka haraka utadhani ni darasa la zamani.

Ushauri wangu: anzia Nyali, hapo Mombasa. Pale Mkomani ndipo alipozikwa Rosine, mkewe Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani. Walifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo homa ikamwondoa Rosine na mtoto wao mchanga. Ukishatoka kaburini, hadithi ya Rabai inakuingia vizuri zaidi. Krapf hakufunga virago. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alimfikia, wakapanda pamoja kwenda kuanzisha misheni kwa Warabai.

Kufika ni rahisi. Panda matatu hadi Mazeras, kisha bodaboda. Patana bei kabla hujakaa.

Kanisa lao la kwanza sasa ni makumbusho, na nyumba walizoishi ziko papo hapo. Chukua mwongozaji, tena umchokoze kwa maswali. Mwulize habari za Bwana Kheri, Mswahili aliyeongoza msafara wa Rebmann mwaka 1848 hadi mzungu yule akaiona theluji ya Kilimanjaro. Wasomi wa London walimcheka: theluji karibu na ikweta? Mwulize pia habari za watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakakimbilia hapa. Kwangu mimi hiyo ndiyo Rabai yenyewe, na inasikitisha kwamba wageni wengi huondoka bila kuisikia.

Kanisa la Mtakatifu Paulo, hapo jirani, bado linasaliwa. Ukikuta ibada, weka simu mfukoni. Ukiwa na mabega wazi, jitupie leso. Usijiingize msituni kwenye kaya, yaani makazi ya kale ya Wamijikenda, bila ruhusa ya wazee. UNESCO iliziorodhesha kaya za Mijikenda kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, lakini kwa wenyewe hapo ni mahali patakatifu tangu zamani, si bustani ya matembezi.

Nenda asubuhi, siku isiyo Jumapili, na ubebe maji. Ukikaribishwa mnazi, yaani tembo la mnazi, uliza kwanza ni mtamu au mkali, maana bado una bodaboda ya kukurudisha Mazeras.