Kioo kina uso na kisogo

Jana mdogo wangu mmoja ameingia karakana na Sanderson kwapani, kamera ya kale ya mbao ya saizi ya nusu-pleti, mkononi msasa mkavu namba 80. Nilimpokonya msasa kabla sijaitikia salamu. Wadogo zangu, kamera hiyo ilibuniwa na seremala, Frederick Sanderson wa Cambridge, akaisajilia hataza mwaka 1895. Tunaparuza kazi ya seremala mwenzetu kwa pupa ya nini?

1. Ile rangi ya asali juu ya mahogani ni shelaki, aina ya polishi, nayo hulainika kwa spiriti. Pitisha pamba bila kusimama. Ukisimama, inanata na kung'oa polishi.

2. Bisibisi ijae mfereji wa skrubu, na kila skrubu irudi tundu lake.

3. Mvukuto, ule mfuko wa mikunjo nyuma ya lenzi, ukaguliwe gizani, tochi ikiwa ndani. Tazama pembe za mikunjo, ndiko kunakotoboka.

4. Kioo cha fokasi, kile cha nyuma unachotazamia picha kabla ya kuweka filamu. Hapa naomba mtulie.

Kamera ya kwanza niliyoimaliza peke yangu ilinichukua miezi minne. Siku ya mwisho nilifungua fremu ya nyuma nikaosha kioo, kisha nikakirudisha kwa haraka. Upande uliosagwa, ambao lazima uelekee lenzi, ukanielekea mimi. Picha ilionekana kiooni bila shida yoyote, ndiyo maana sikushtuka. Nikaenda nayo kwa babu mzaa mama. Alikuwa mgonjwa, lakini alitolewa barazani, akavaa kanzu yake ya Idi, akaketi kwenye kiti chenye nakshi. "Nimekaa vizuri, mjukuu wangu?" Nikamwambia vizuri sana. Lenzi niliiacha wazi kabisa, nikapiga shiti nne za filamu, zote nilizokuwa nazo.

Usiku nikazitoa kwenye fiksa, dawa ya mwisho ya kusafishia filamu, nikaziinua kwenye taa. Nakshi za mgongo wa kiti zilikuwa kali, ungeweza kuzihesabu. Masikio ya babu yalionekana vizuri. Macho yake yalikuwa ukungu, shiti zote nne. Filamu ilikaa mahali pake. Fokasi ndiyo niliyoipima nyuma zaidi, kwa sababu ya unene wa kioo, milimita mbili tu. Niligeuza kioo usiku uleule. Jumapili nilipofika, babu hakuweza tena kuketi, na sikuwa na moyo wa kumpiga picha kitandani. Wiki haikuisha akafariki. Shiti zile ninazo hadi leo.

Basi pitisha ukucha juu ya kioo. Upande unaokwaruza ndio uso wake, utazame lenzi. Ukishafunga, fokasi juu ya gazeti, piga shiti moja, uisafishe kwa dawa uione, ndipo uite watu.

5. Shata, ile inayofungua na kufunga njia ya mwanga, haitiwi mafuta.

Na wewe mwenye Sanderson, msasa wako ninao. Njoo Jumamosi, shelaki nimeshailoweka.