Kwa mnaoanza kuchunguza kizuizi cha damu na ubongo kwa wazee

Wadogo zangu, kizuizi cha damu na ubongo ni ukuta wa mishipa midogo ya ubongo unaochuja kinachoingia kutoka kwenye damu. Karibu kila anayeingia kwenye utafiti huu hufika na swali moja: je, kuvuja kwa mishipa midogo ya ubongo ndiko kunakowafanya wazee wasahau? Swali ni zuri, nami ndilo lililonivuta. Ila kabla ya kulijibu, jiulizeni kwanza uvujaji wenyewe umepimwaje, na usahaulifu umepimwaje. Asiyeweza kueleza hayo mawili hana la kusema juu ya namna yanavyohusiana.

Mwaka 1885 mtafiti Paul Ehrlich aliona kwamba rangi iliyodungwa kwenye damu ya mnyama hushika karibu viungo vyote isipokuwa ubongo. Akadhani nyama ya ubongo haipokei rangi tu. Mwaka 1913 Edwin Goldmann akageuza jaribio: akadunga rangi kwenye maji yanayouzunguka ubongo, na ubongo ukashika rangi vizuri. Tafsiri ya Ehrlich ikaanguka. Hata hivyo, ilibidi kungoja hadi 1967, Reese na Karnovsky walipotumia darubini ya elektroni, ndipo ikaonekana wazi kwamba kizuizi kiko kwenye seli za kuta za mishipa midogo yenyewe, yaani kapilari, zilizobanana pasipo upenyo. Ninawaeleza haya kwa sababu hata leo kipimo kimoja hukubali maelezo zaidi ya moja.

Chukueni albumini, ambayo wengi wenu mtaanza nayo. Protini hii hutengenezwa kwenye ini, si kwenye ubongo, kwa hiyo iliyomo kwenye maji ya uti wa mgongo, ambayo ni yaleyale yanayouzunguka ubongo, imetoka kwenye damu. Tunagawanya kiasi chake kwenye maji hayo kwa kiasi kilichomo kwenye seramu (maji ya damu yaliyotengwa na seli), na uwiano huo hupanda kadiri umri unavyosonga. Mgeni akiona namba imepanda huandika haraka kwamba kizuizi kimeharibika. Subiri kwanza. Maji yale yakizunguka polepole, albumini hujikusanya hata kama kapilari za ubongo ni nzima. Tena sindano ya mgongoni ikigusa mshipa, damu kidogo tu huharibu hesabu nzima. Mirija ya kwanza yenye wekundu isiingie kwenye uchambuzi wenu. Sampuli ya damu ichukuliwe siku ileile, na saa iandikwe. Mimi huwa mkali sana hapo, maana sampuli ya mzee aliyekubali kuchomwa mgongo ni amana.

MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, ikitumiwa na dawa ya gadoliniamu inayodungwa kwenye damu, huonyesha mahali penyewe panapovuja. Kwa njia hiyo, mwaka 2015 kundi la watafiti la Los Angeles, Marekani, lilionyesha kwamba hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, huanza kuvuja kadiri mtu anavyozeeka, na zaidi kwa walioanza kupungukiwa na kumbukumbu. Lakini uvujaji wa uzeeni ni mdogo mno, na mashine ikiyumba kidogo au mzee akisogeza kichwa, tofauti uliyoitafuta inapotea. Na figo zipimwe kabla ya dawa. Hilo halina mjadala.

Upande wa kumbukumbu ndio unaopuuzwa zaidi, na unaniuma. Ukimpa bibi ambaye hakusoma shule jaribio la kuandika sentensi na kunakili michoro, unapima elimu, hupimi ubongo. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, na wenzao wa Nigeria walitengeneza kipimo cha IDEA kwa ajili ya watu kama huyo: panga njiti za kiberiti kwa umbo ulilooneshwa, taja wanyama kwa dakika moja, kumbuka maneno uliyosomewa. Jifunzeni kukitumia kwa lugha anayoiongea nyumbani, na mzungumzeni na ndugu anayeishi naye.

Mwaka 2019 kundi lile la Los Angeles lilitoa matokeo kwamba kuharibika kwa kapilari huendana na kudhoofika kwa fikra hata pale amiloidi na tau, protini zinazohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, hazijabadilika. Mwaka uliofuata likaongeza kwamba wenye APOE4, aina ya jeni inayohusishwa na ugonjwa huo, huvuja mapema, wakiwa bado wazima wa akili. Ni kazi ninayoiheshimu. Ila msiihamishie hapa Afrika kama ilivyo: huko Ibadan, Nigeria, Wayoruba wengi wana APOE4, lakini uhusiano wake na ugonjwa wa Alzheimer ulionekana hafifu kuliko kwa Wamarekani. Hapo ndipo ningependa mmoja wenu aweke miaka yake.

Na familia zikiwauliza wafanyeje, msiwauzie dawa ya kuzuia mishipa isivuje, kwani bado haijathibitishwa yoyote. Zungumzeni presha. Jaribio la SPRINT la Marekani, lenye washiriki zaidi ya 9,000, lilionyesha mwaka 2019 kwamba kulenga namba ya juu ya presha iwe chini ya 120 badala ya 140 kulipunguza upungufu mdogo wa kumbukumbu. Kwa dimensia yenyewe, yaani ugonjwa kamili wa kupoteza kumbukumbu na fikra, tofauti haikuwa ya uhakika. Waambieni yote mawili, kisha mpimeni mzee presha kabla hajaondoka.