Mtoto Wangu Anaitwa Otilia

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Mafinga. "Kamwene dada," ameandika. "Nina mimba ya miezi saba, wameshaniambia ni wa kike. Mama mkwe anataka tumwite Otilia, jina la marehemu mama yake. Mume wangu hana neno. Mimi silali. Nimesikia una mtoto wa jina hilo. Wenzake hawamcheki?"

Wanamcheka, dada. Naanza na hilo usije ukasema nilikuficha. Walimcheka chekechea, wakamcheka darasa la kwanza, wakamwita Bibi Oti mpaka siku moja akarudi nyumbani akaniomba nimwite Gloria. Lakini wa kwanza kucheka hawakuwa watoto. Alikuwa wifi yangu, siku ile ile ya ubatizo, mwaka 2016, watu wameshika sahani za pilau. Alisema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia: "Mmemzeesha mtoto hata meno hajaota!" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa nimembeba mwanangu na sikuwa na la kujibu. Miaka imepita, wifi yangu tunasalimiana vizuri, ila neno lile bado liko moyoni. Nikisikia mama mwingine anakosa usingizi kwa sababu ya jina hili, siwezi kunyamaza.

Otilia ni jina la bibi yangu mzaa mama. Alizaliwa miaka ya thelathini vijijini huko upande wa Tosamaganga, akapewa jina hilo na mama yake wa ubatizo, ambaye naye alibatizwa nalo wakati wa mapadre Wajerumani. Bibi alikuwa anasuka vikapu vya milulu. Wa Iringa mnavijua, vile vilivyosukwa vikabana mpaka unaona mikono ya msukaji kwenye kila mstari. Alisuka tangu akiwa msichana, na fedha ya vikapu ndiyo iliyomlipia mama yangu ada. Halafu macho yakaanza kumsumbua. Mwanzoni alisema ni moshi wa jikoni. Baadaye akawa anasuka kwa kupapasa, na ukimletea milulu iliyopakwa rangi anakuuliza ipi ni ya zambarau. Kikapu chake cha mwisho kiliishia katikati. Mama anacho mpaka leo.

Mwaka 2011 walipita madaktari wa macho, tukampeleka, wakamtoa mtoto wa jicho upande wa kulia. Kesho yake walipomfungua bendeji nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Nilidhani ataniangalia mimi. Akaangalia mikono yake. Akaigeuza, akaangalia viganja, akaigeuza tena. Kisha akasema, "Somo wangu hajanitupa."

Mimi sikuelewa. Nilidhani anamsema rafiki yake wa zamani.

Bibi alifariki mwaka 2014, na ni baada ya msiba ndipo nilipomuuliza katekista mmoja mzee huyo somo ni nani. Akanichorea kwa maneno picha ambayo alikuwa ameiona utotoni: sista mkuu wa monasteri ameshika kitabu, na juu ya kitabu kuna macho mawili. Ndiye Mtakatifu Otilia. Nilianza kusoma kila nilichoweza kupata, na hapo ndipo nilipolipenda jina hili kupita kiasi.

Masimulizi yanasema alizaliwa karne ya 7, binti wa mtawala wa Alsace, eneo ambalo leo liko mashariki mwa Ufaransa, mpakani na Ujerumani. Alizaliwa kipofu. Baba yake aliona aibu, akaamuru auawe. Yaya akamtorosha, akalelewa kwenye nyumba ya watawa. Alipobatizwa akiwa na miaka 12 hivi, na askofu aliyeitwa Erhard, macho yakafunguka. Baadaye baba huyo huyo alimpa ngome iliyokuwa juu ya mlima, akaanzisha monasteri ya wanawake na kuiongoza mpaka alipofariki karibu mwaka 720. Mlima huo leo unaitwa kwa jina lake, na iko chemchemi pale ambayo mahujaji huosha macho yao. Mwaka 1946 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa Alsace. Wafaransa wanamwita Odile. Wajerumani wana Odilia na Ottilie.

Sasa fikiria, wewe ni kikongwe wa Iringa, kwa miaka kadhaa unasuka gizani, na jina ulilopewa ukiwa mchanga ni la msichana aliyezaliwa haoni akaja kuona. Bibi alikuwa anajua. Sisi wajukuu tuliokwenda shule ndio hatukujua.

Na jina hili lilifikaje kwetu? Hapa ndipo wengi wanaposhangaa nikiwasimulia. Watawa Wabenediktini waliokuja kusini mwa nchi yetu wakati wa Wajerumani walitoka kwenye abasia, yaani monasteri kubwa, iitwayo St. Ottilien, huko Bavaria, Ujerumani. Shirika lao lilianzishwa na padre Andreas Amrhein mwaka 1884, na mwaka 1887 likahamia kijiji cha Emming, ambako kulikuwa na kikanisa kidogo cha Mtakatifu Otilia. Kikanisa kikaipa abasia jina. Mwaka 1888 wamisionari wa kwanza wakafika Pugu, karibu na Dar es Salaam, na kabla karne haijaisha walikuwa wamefika Tosamaganga na Peramiho. Kwa hiyo wakimbatiza msichana wa Kihehe wakamwita Otilia, walikuwa wanampa jina la nyumbani kwao. Baada ya vita ya kwanza ya dunia Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1919 wamisionari Wakonsolata wa Italia wakaja Iringa. Jina likabaki kwa akina mama waliokwisha kubatizwa nalo, wakawa wanalipitisha wenyewe, mama wa ubatizo kwa mtoto.

Ila halikuenea sana. Nadhani sababu mojawapo ni tarehe. Sikukuu ya Otilia ni tarehe 13 Desemba, siku moja na ya Lusia, na Lusia naye ni mtakatifu wa macho. Padre akifungua kalenda, aliyeandikwa kwa wino mkubwa ni Lusia. Ndiyo maana parokiani kwenu Lusia huwezi kuwahesabu, na Otilia pengine amebaki mmoja anayetembelea fimbo.

Kitu kingine ninachokipenda: yamo majina ya enzi zile yanayokwama mdomoni. Edeltruda. Walburga. Nayaheshimu, lakini Mswahili lazima ajikaze. Otilia limekuja likiwa limeshaiva. O-ti-li-a. Kila silabi inaishia na irabu kama maneno yetu wenyewe. Liite ukiwa ng'ambo ya bonde, uone lile "a" la mwisho linavyobaki hewani. Bibi alikuwa anaitwa hivyo akiwa vinyunguni, yaani kwenye bustani za bondeni, na alikuwa anasikia.

Na shina lake katika Kijerumani cha kale lina maana ya mali, urithi. Hili liliniliza. Bibi yangu alilima vinyungu zaidi ya miaka hamsini. Viazi, njegere, maharage, mahindi ya kiangazi. Alipofariki, vinyungu vikagawanywa kwa siku moja, na mama yangu hakupata hata tuta moja. Sitaki kulirudia hilo sana, yameshazungumzwa ukooni yakaisha. Lakini mama alitoka pale na kile kikapu kilichoishia katikati. Mimi nikasema, basi jina hakuna wa kutunyang'anya. Nikapata mimba mwaka uliofuata, na nilipoambiwa ni wa kike sikuwa na la kujadili na mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu, dada, ni huu. Ukikubali jina, kubali na hadithi yake. Mtoto anayejua jina lake limetoka wapi hachekwi akaanguka. Mimi nilikosea hapo, nilichelewa. Nilimsimulia wangu akiwa darasa la pili, baada ya yeye kutaka kuwa Gloria. Nikamtolea kile kikapu, nikamwambia yote, la kipofu, la baba katili, la bibi kuangalia mikono yake. Alikaa kimya muda mrefu. Mwaka uliofuata mwalimu wao aliwaambia kila mtu aeleze maana ya jina lake, na mwanangu alisimama akaongea kipindi kikakaribia kwisha. Mwalimu alinipigia simu jioni. Sikumbuki kama nimewahi kujivuna kiasi kile.

Jambo la pili ni maandishi, na hapa nakusihi. Kadi yetu ya kliniki iliandikwa Otilia. Cheti cha ubatizo kikaandikwa Ottilia, kwa t mbili. Cheti cha kuzaliwa, ofisi moja ikatuandikia Otiria, nami kwa furaha nikasaini bila kusoma. Tulipotaka kumwingiza kwenye bima ya afya, wakasema hao ni watoto watatu. Ya kwenda na kurudi nayaruka, yalichukua miezi mitano na hati ya kiapo ya wakili. Kabla hujasaini popote, soma herufi moja moja, tena kwa sauti. Na mbele ya karani litamke polepole, maana jina ambalo hajawahi kulisikia ataliandika anavyolidhani.

Sisi tunaotaka watoto wetu wafike mbali tunafanya kosa moja kubwa. Tunadhani mtoto atafika mbali akiitwa jina la huko mbali tunakokuona kwenye televisheni. Tunawazika bibi zetu mara mbili, mara ya kwanza makaburini na mara ya pili kliniki, tukiulizwa mtoto anaitwa nani. Mama mkwe wako hakuombi shamba wala ng'ombe. Anaomba mama yake aitwe tena pale uani. Mpe. Na usimpe kwa kununa, mkalishe chini akusimulie huyo Otilia wenu alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa anacheka vipi, alikuwa anapika nini, uandike mahali kabla naye hajaondoka.

Watakaocheka watacheka. Wifi yangu mwaka jana alimwita mwanangu kwa jina lake zima mbele ya wageni, "Otilia, njoo usalimie," na hakuna aliyecheka.

Ukijifungua salama niandikie. Nataka kujua ana kilo ngapi, na kama mmeandika t moja au mbili.